Nane na Mtani Wake

Treni haikuondoka mapema. Naiandika sentensi hii polepole, maana kwa miaka kumi na miwili nimesema kinyume chake mbele ya wazee, mbele ya mashemeji, na mara moja mbele ya shehe aliyekuwa amekuja nyumbani kwa jambo jingine kabisa. Nilisema kwamba treni ya kwenda Usinge iliondoka Tabora kabla ya wakati wake ikaniacha, na ndiyo maana sikuwapo siku mdogo wangu alipoolewa. Yeyote aliyewahi kusubiri treni anajua kwamba hadithi hiyo haisimami. Treni huchelewa kwa mvua, huchelewa kwa ng'ombe, huchelewa kwa sababu imechelewa. Katika mji mzima ni mimi peke yangu niliyewahi kuachwa na treni iliyowahi. Lakini nilikuwa na digrii, na watu wa kwetu wakimsikia mwenye digrii akisema jambo lisiloingia akilini, hudhani ni akili zao ndizo zilizopungua.

Ukweli ni kwamba sijui kusoma saa.

Wakati naujua. Adhana ya adhuhuri ikilia najua ni adhuhuri, na jua likianza kunichoma upande wa pili wa shingo najua alasiri imekaribia. Kinachonishinda ni kile kisahani chenye mishale. Mshale mfupi unaonyesha tisa, na watu wote chumbani wanasema saa tatu, wala hakuna anayeshtuka. Kati ya tisa na tatu pana hesabu ndogo ambayo wenzangu huifanya kama wanavyopepesa macho. Mimi nikifika hapo nakuta mto, na daraja limechukuliwa na maji. Nabaki ukingoni nikihesabu vidole ndani ya mkoba. Simu nayo haikuniokoa. Yenyewe huandika 15:00, na hapo mito inakuwa miwili.

Mtu akificha jambo kwa muda mrefu huwa fundi. Nilivaa saa nzuri ya mkanda wa ngozi, maiti. Niliinunua ikiwa hai, betri ilipokufa sikuitia nyingine, ili mtu akiniuliza ni saa ngapi niinue mkono, nigonge kioo kwa masikitiko, niseme, "Imesimama hii, hebu angalia yako." Hakuna aliyewahi kujiuliza ni kwa nini msomi mzima ameshindwa kununua betri kwa miaka yote hiyo. Halafu palikuwa na jirani yangu hapa Isevya, fundi cherehani, ambaye huwasha redio tangu alfajiri, na redio hutaja saa kwa maneno, Mungu aibariki. Nilipita barazani kwake mara nyingi kiasi kwamba mkewe alianza kuninunia. Sikuweza kumweleza yule mama kwamba sina haja na mumewe, nina haja na redio.

Sasa ile tiketi. Karani aliandika kwa kalamu: "Saa 2.00". Basi. Mtu wa kawaida angesoma saa mbili, akajua ni asubuhi, akafunga mizigo mapema. Mimi nikaleta usomi. Nilijiambia kwamba tarakimu zikiandikwa kwenye karatasi ya ofisi huwa za kizungu. Mbili ya kizungu ni nane ya kwetu. Kwa hiyo treni ni saa nane mchana. Nilihesabu kwa vidole mara tatu, na mara zote tatu nikapata nane, jambo lililonipa furaha kubwa, kwa kuwa si kawaida yangu kupata jibu lile lile hata mara mbili. Nikaenda stesheni baada ya sala ya adhuhuri, hina mikononi, khanga za bibi harusi zimepigwa pasi na kufungwa kwenye karatasi. Jukwaa lilikuwa tupu. Mpagazi mmoja alikuwa amelala juu ya toroli lake. Nilipomuuliza habari za treni ya Usinge alifungua jicho moja.

"Mama, ile saa hizi imeshapita Kaliua."

Nyingine ilikuwa baada ya siku tatu. Na kabla yule mpagazi hajalifunga jicho lake, mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba imeondoka mapema.

Babu wa babu yangu, wanasema wazee wetu, alikuwa mpagazi wa misafara. Alitoka hapa na mzigo begani akaenda hadi pwani na kurudi, miezi na miezi, bila saa ya aina yoyote, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alikosa harusi.

Mdogo wangu alininunia mwaka mzima. Kisha akanisamehe, kwa sababu kosa lilikuwa la treni. Nikakaa na msamaha ule kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Hakinibani, lakini si changu. Na uongo wenyewe haukumdhuru mtu yeyote hadi binti yake wa kwanza alipofika darasa la tatu.

Mtoto yule alisoma herufi mapema. Alisoma karatasi zilizofungia vitumbua, alisoma maandishi ya magunia, alisoma barua za watu ambazo hazikumhusu. Namba ndizo zilizomkimbia. Ukimuuliza saba jumlisha sita, alikutazama kwa adabu akajibu, "Ndiyo." Kule Usinge walimu wake walimwona mkaidi, na mama yake akawaamini. Ndipo alipoletwa kwangu Tabora. Alishuka na kiroba cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, pamoja na ujumbe wa mama yake kwamba akae kwa mama mkubwa, apate akili zake. Nilipokea vyote viwili. Matobolwa tuliyamaliza.

Muhula wa kwanza haujaisha, mwalimu mkuu aliniita akashauri mtoto ahamie kitengo. Kila mtu hapa anajua kitengo ni nini. Ni chumba cha mwisho wa jengo, ambako huenda watoto ambao madarasa mengine yameshindwa nao. Uwanjani watoto wakitaka kutukanana kweli kweli hawaitani wajinga. Husema, "Wa kitengo wewe," na aliyeambiwa hana la kuongeza. Nilikubali, kwa kuwa nilimwona mtoto alivyokaa katika darasa la watoto themanini, amekunja mikono, akisubiri kengele kama mimi ninavyosubiri redio ya fundi. Lakini kwa mama yake nilisema kwenye simu kwamba amewekwa kwenye masomo ya ziada. Mtu aliyeisingizia treni hashindwi na hilo.

Mwalimu wa kitengo alikuwa mwanamume mrefu wa Ulyankulu, mtu wa makamo, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Suruali zake zilikuwa na chaki mpaka magotini kwa kuwa alifundisha akiwa amechuchumaa. Chumba chake kilikuwa na kelele kuliko soko. Kujumlisha walijumlisha kwa kuruka, kugawanya waligawanya karanga, na aliyekosea hakuchapwa, alitakiwa kueleza kwa kirefu jinsi alivyokosea, mpaka wenzake wakamwonea wivu. Baada ya mihula miwili binti yetu alianza kuvaa sare kabla mimi sijaamka. Jioni alinihesabia vikombe kabatini. Alipata idadi tofauti na yangu, nami sikuwa na uhakika ni nani kati yetu wa kusahihishwa, kwa hiyo nilimsifu.

Habari za mjini husafiri. Jamaa mmoja wa Usinge alikuja Tabora kutibiwa, akapita kutusalimu, akaona daftari la mtoto limeandikwa kitengo, akarudi nalo kichwani. Juma lile lile mdogo wangu alipiga simu.

"Dada, mwanangu yuko kitengo?"

Nikaanza na neno changamoto. Nikaenda kwenye mahitaji maalumu. Nilikuwa njiani kuelekea ujifunzaji jumuishi aliponikata.

"Zungumza Kiswahili."

"Yuko kitengo," nikasema.

Hakupiga kelele. Ningependelea kelele. Alisema kwa utulivu kwamba kwetu hakuna mtu wa hivyo. Baba hakuwa hivyo, mama hakuwa hivyo, yeye mwenyewe si hivyo. "Na wewe una digrii," alisema. "Ingekuwa ni ugonjwa wa ukoo ungeanzia kwako, wewe ndiye mkubwa. Huo ni uvivu, na uvivu dawa yake ni jembe. Shule ikifungwa nakuja kumchukua, na harudi."

Mtoto alikuwa mlangoni anabangua karanga, na sauti ya simu ilimfikia. Vidole vyake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea. Hakulia wala hakubisha. Aliniuliza jambo moja tu, shule inafungwa lini, nami nikamwambia wiki tatu, yaani siku ishirini na moja. Akachukua kopo tupu la maziwa akahesabu karanga ishirini na moja, ili kila asubuhi ale moja. Tulihesabu wote wawili kwa usalama. Yeye alipata ishirini, mimi nikapata ishirini na mbili. Tukaafikiana.

Ningeweza kumaliza jambo lile siku ile ile. Ingetosha kupiga simu moja na kusema sentensi moja, ile niliyoanza nayo hapa. Badala yake niliandika barua ya kurasa nne yenye aya nzuri sana kuhusu haki ya kila mtoto kufundishwa kwa namna anayoielewa. Nikaisoma, nikajipongeza, nikaiweka kabatini. Mdogo wangu hasomi barua za kurasa nne. Nadhani niliiandika kwa sababu hiyo.

Karanga zilikuwa zimebaki kama nane hivi (kwa hesabu ya nani, sisemi) mwalimu alipotualika wazazi na walezi tuje kuona somo la saa. Niliposikia somo lenyewe nilitafuta udhuru. Nilisema nina mafua. Mtoto akaniambia mwalimu amesema hata wenye mafua waje, kwa kuwa somo liko nje.

Lilikuwa nje kweli. Uwanjani, nyuma ya kitengo, mwalimu alikuwa amechora duara kubwa kwa majivu. Juu ya mstari walisimama watoto kumi na mmoja, kila mmoja ameshika kifuniko cha ndoo kilichopakwa namba. Katikati alisimama msichana mwenye mpini wa jembe. Yeye ndiye mshale. Sisi wazazi tulikuwa saba, tumekaa kwenye madawati, tumeziweka nyuso zetu tayari kufurahishwa.

Mwalimu akatueleza kanuni. Alisema yeye, kwa kuwa wazee wake walifika huku wamechelewa, hana watani, na mgeni huona vitu ambavyo wenyeji wamevizoea. Aliwaona Wanyamwezi na watani wao, utani ule wa zamani wa njia ya misafara, kwamba watu waliokuwa wakikutana visimani na kugombania maji waliona ni nafuu kutukanana maisha yote kuliko kupigana siku moja. Akaona kwamba mtani ana haki ya kukusemea. Kwenye msiba wako anaweza kuwazuia watu wasikuzike mpaka walipe, na hakuna wa kumkasirikia. Basi, alisema, kila namba kwenye saa ina mtani wake, naye amesimama upande wa pili akitazamana nayo. Tisa mtani wake tatu. Kumi na mbili mtani wake sita. Moja mtani wake saba. Mshale ukikuonyesha wewe, unanyamaza. Mtani wako ndiye anayejibu, na kabla ya kujibu sharti akutukane.

"Hakuna kujumlisha sita," alisema. "Hakuna kutoa sita. Unamtafuta mtani tu."

Msichana wa katikati akazunguka na mpini wake, akasimama kwenye tisa. Tisa alikuwa mtoto mnene mwenye miwani. Upande wa pili, tatu alikuwa binti mdogo ambaye, walinong'ona wazazi, hajasema neno darasani tangu aletwe. Alimtazama mwenzake kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti nzito kuliko umbo lake, "Wewe Tisa, mkia umekugeukia juu kama mbwa aliyeona chatu. Saa tatu."

Wazazi walicheka mpaka madawati yakalia. Mpini ukazunguka tena. Kumi na moja akaambiwa na tano kwamba yeye ni vijiti viwili vya kuni, hata chai haviivishi, saa tano. Kumi na mbili akaambiwa anajiona yuko juu kumbe ni sita aliyelala na mwenzake, tusi ambalo sikulielewa lakini mwenyewe alilikubali. Na kila jibu lilikuwa sahihi. Watoto ambao madarasa mengine yaliwashindwa walikuwa wakisoma saa, na mimi mwenye joho na picha yake ukutani nilikuwa nikiwatazama kama mtu anayetazama watu wakivuka mto kwa miguu, pale pale alipoambiwa hapavukiki.

Nilikuwa bado katika mshangao huo mwalimu aliposema namba mbili ni mgonjwa leo, pengo liko wazi, mzazi mmoja aingie. Akaniangalia. "Mama, wewe msomi, tusaidie."

Mtu hawezi kukataa akishaitwa msomi. Nikapewa kifuniko cha ndoo chenye mbili, nikasimama juu ya majivu. Mbele yangu, upande wa pili wa duara, kifuniko chenye nane kimeshikwa kwa mikono miwili na mtoto wetu. Alinichekea.

Mpini ukazunguka, ukapita sita, ukapita saba, ukasimama kwake.

Kazi yangu ilikuwa kusoma kifuniko nilichokishika. Hiyo tu. Mtoto aliyekuwa hasemi aliiweza. Lakini mimi niliona nane, na miaka yote ile ya usomi ikanipanda kichwani. Nikauingiza mkono wangu mmoja ndani ya mtandio, nikaanza vidole: nane, tisa, kumi. Nilisikia sauti ya cherehani kutoka mtaani. Nikamaliza vidole, nikarudia dole gumba, nikatoa jibu kwa sauti ya mtu anayetoa mhadhara.

"Saa kumi na nne."

Kwa Kiswahili hakuna saa kumi na nne. Hakuna aliyewahi kula wala kuswali saa kumi na nne. Ndipo yule binti mwenye kifuniko cha tatu, ambaye sasa nilianza kutamani arudie ububu wake, akaiuliza hewa, "Hiyo ni ya mchana au ya usiku?"

Walicheka watoto, wakacheka wazazi, mwalimu akajifanya anapangusa chaki magotini. Mtoto wetu ndiye hakucheka. Alikuwa anautazama mtandio wangu, mahali vidole vilipokuwa vikitembea. Yeye alizijua zile hatua. Kisha akainua kidevu, na kwa kuwa ndani ya duara tulikuwa watani na si mtoto na mama yake mkubwa, akatumia haki yake.

"Wewe Mbili," alisema, "hiyo digrii yako unabebea nyanya? Jisome tumboni."

Nikainamisha kichwa, nikasoma kifuniko. "Saa mbili," nikasema. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuhesabu kitu, na jibu lilikuwa sahihi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipovuka reli akaniita.

"Mama mkubwa."

"Naam."

"Kumbe na wewe ni wa kitengo."

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na kurasa nne kabatini. Nikasema, "Nadhani."

Akatembea kidogo. Hadithi ya treni aliijua, kwao huhadithiwa kila mara mtu anapoolewa. Akaniuliza tiketi iliandikwaje. Nikamwambia saa mbili. Akaniuliza mimi nilikwenda saa ngapi. Nikamwambia nane. Alisimama katikati ya njia, akanyoosha mkono mmoja huku na mwingine kule, akageuza shingo mara mbili, kama anayetafuta mahali pa kumweka kila mtu.

"Mbili alikuwa ameshajibu," alisema. "Wewe ukavuka tena."

Miaka kumi na miwili nimetafuta namna ya kulieleza kosa lile hata kwangu mwenyewe, na mtoto wa darasa la nne akalieleza kwa pumzi moja. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama atamwambia mama yake. Akanitazama kama nimemtusi.

"Ya kwenye duara hayatoki," alisema. "Mwalimu amekataza."

Kwa hiyo hakunisaidia hata kidogo. Angenitaja ningekasirika na kila kitu kingekwisha. Badala yake alinyamaza, akala karanga yake moja kila asubuhi, na mimi nikawa nayaona yale makopo ya maziwa kila dukani ninakoingia. Uwanjani shuleni watoto walinipa jina, Mama Saa Kumi na Nne, na jina likafika Isevya kabla ya wiki kwisha. Mke wa fundi cherehani alilisikia. Siku iliyofuata alinikaribisha barazani, akanivutia kigoda karibu na redio, na tangu siku hiyo hajaninunia tena.

Shule ilifungwa siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi kopo lilikuwa na karanga moja zaidi ya ilivyotakiwa, ishara kwamba hakuna kati yetu aliyehesabu sawa, na mtoto aliitazama ile moja akaacha kuila. Begi lake lilikuwa karibu na mlango. Alilifunga mwenyewe. Nikaichukua simu.

Mdogo wangu akitaka mtandao hupanda kichuguu kilicho nyuma ya nyumba yake, na akiwa juu pale mazungumzo yake huwa ya kijiji kizima. Alipokea akihema.

"Nimeshafunga mizigo, dada. Kesho napanda treni."

"Treni haikuondoka mapema," nikasema.

"Treni gani?"

"Ya harusi yako."

Nilisikia upepo na kuku. Nikamweleza yote kabla hajanikata: tiketi, ile mbili, ile nane, toroli la mpagazi, saa iliyokufa mkononi, vidole mkobani. Nikamwambia kwamba kwetu mtu wa hivyo yupo, ni mkubwa wake, na kwamba digrii niliipata katika fasihi, ambako namba pekee ni za kurasa.

"Hujui kusoma saa?" aliuliza. Nikasikia sauti ya mwanamke chini ya kichuguu ikitaka kujua ni nani asiyejua kusoma saa, na mdogo wangu, ambaye hajawahi kunitunzia siri, akamjibu, "Dada. Yule mwenye digrii."

Kisha akarudi kwangu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Niliolewa bila ndugu wa kukaa naye. Walimkalisha shangazi wa watu mahali pako."

"Najua."

"Kwa sababu ya mbili."

"Kwa sababu ya mbili."

Sikujaribu kuongeza neno. Nilikuwa nimeshaongeza ya kutosha kwa miaka kumi na miwili.

"Kwa hiyo mtoto amechukua kwako," alisema.

"Kwangu. Uvivu hana, mdogo wangu. Ningekuwa na mwalimu kama wake ningekuja harusini."

"Mpe simu."

Nikaiweka simu mezani kwa sauti kubwa, wasikilizane. Mtoto akaja, akamwamkia mama yake shikamoo, akaitikiwa marahaba. Mama yake akamuuliza swali moja tu: huko Tabora ni saa ngapi?

Saa ya ukutani nilikuwa nimeinunua wiki ile, nzima, na betri yake. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nane. Vidole vyangu vikaanza safari yao juu ya meza, kwa mazoea, na mtoto akaweka kiganja chake juu yao akavituliza. Macho yake yalitoka kwenye nane yakakata duara hadi upande wa pili.

"Saa mbili, mama. Saa mbili asubuhi."

"Una hakika?"

"Nane kanyamaza, mbili kajibu."

Mama yake hakuelewa hata kidogo, lakini nilijua anaitazama simu yake kuhakiki, kwa sababu sauti ilikwenda mbali ikarudi. Halafu akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla hajaolewa, kile cha kushika mbavu, nami nikamwogopea asianguke kutoka kichuguuni.

"Dada."

"Nipo."

"Sipandi treni. Mlete wewe, akae likizo, kisha umrudishe kwa huyo mwalimu wake. Lakini tiketi asome yeye. Wewe beba mizigo."